Kazi za Uuguzi na Huduma za Afya Nyumbani Jimboni Texas: Njia ya Leseni na Mipaka ya Kila Kazi

Wauguzi wengi wa Afrika Mashariki wana ndugu au mwenzao wa darasani aliyekwisha kuhamia Marekani, na Texas ni miongoni mwa majimbo yanayotajwa mara kwa mara. Katika miji ya Houston, Dallas na Fort Worth wanaishi Wakenya, Watanzania na Wakongomani, na wamo kati yao waliosomea uuguzi kwao. Mtu anapofika, kazi ya kwanza anayoelekezwa na wenzake mara nyingi si ya wodini. Ni ya kumhudumia mzee au mgonjwa nyumbani kwake: kumwogesha, kumlisha, kumgeuza kitandani na kumsindikiza kliniki. Kazi hiyo ni ya heshima, hupatikana upesi, na huwawezesha wengi kulipa kodi ya nyumba katika miezi ya mwanzo.

Hata hivyo, ina mambo mawili ambayo mgeni huyatambua akiwa amechelewa. Kwanza, haihesabiki kuwa utendaji wa uuguzi mbele ya sheria. Pili, haimruhusu mwenye nayo kufanya yale aliyoyazoea alipokuwa muuguzi kwao. La kwanza laweza kumpotezea mtu taaluma yake. La pili laweza kumpotezea mgonjwa maisha yake. Makala haya yanaeleza ngazi za watumishi wa afya ya nyumbani katika Texas, njia ya kupata leseni, namna ya kutafuta kazi, na mipaka ambayo mtumishi na mgonjwa wote wanapaswa kuijua.

Ngazi za watumishi

Mtumishi wa kwanza ni muuguzi aliyesajiliwa, anayejulikana kwa kifupi cha RN. Huyu ndiye anayempima mgonjwa, kuandaa mpango wa huduma na kuwasimamia wengine. Wa pili ni muuguzi wa ngazi ya LVN, jina linalotumika Texas na California pekee. Majimbo mengine humwita LPN. Hutoa dawa, husafisha vidonda na kufanya kazi nyingine za uuguzi chini ya usimamizi. Wote wawili hupewa leseni na Bodi ya Uuguzi ya Texas, yenye makao yake Austin.

Wa tatu ni msaidizi wa muuguzi mwenye cheti, yaani CNA. Kanuni za serikali kuu ya Marekani zinataka mafunzo yasiyopungua saa 75, lakini Texas inataka saa 100: 60 za darasani na 40 za vitendo kwa wagonjwa. Baada ya mtihani, jina lake huingizwa katika daftari la serikali la wasaidizi wa wauguzi. Wa nne ni msaidizi wa afya ya nyumbani, ambaye katika mashirika yanayolipwa na bima ya Medicare hutakiwa kuwa na mafunzo yasiyopungua saa 75 na kujiendeleza kwa saa 12 kila mwaka. Wa mwisho ni mhudumu binafsi, anayesaidia kuoga, kuvaa, kupika na usafi. Huyu hahitaji leseni, ingawa mwajiri hutakiwa kuchunguza historia yake ya makosa ya jinai na kuhakikisha kuwa hayumo katika daftari la watumishi waliowahi kuwatendea wagonjwa vibaya.

Jina la kazi si jambo dogo. Katika Texas, asiye na leseni ya jimbo haruhusiwi kujiita muuguzi kazini, hata kama ana shahada ya uuguzi na uzoefu wa miaka 20 kutoka Muhimbili au Kenyatta.

Njia ya leseni ya RN

Muuguzi aliyesomea nje ya Marekani huanza kwa kufanyiwa tathmini ya elimu yake na taasisi inayotambuliwa na Bodi, mojawapo ikiwa TruMerit, ambayo zamani ilijulikana kama CGFNS. Chuo alichosomea hutuma nakala za matokeo moja kwa moja kwa taasisi hiyo, na baraza la uuguzi la nchi yake huthibitisha usajili wake. Tathmini hutazama kama alisoma kwa nadharia na kwa vitendo magonjwa ya watu wazima, upasuaji, afya ya watoto, uzazi, na afya ya akili. Upungufu wa saa za vitendo katika somo moja tu waweza kusimamisha ombi zima. Kwa hiyo ni busara kupata kumbukumbu kamili za chuo kabla ya kusafiri, maana kufuatilia karatasi ukiwa ng'ambo huchukua muda mrefu.

Baadaye hufuata uchunguzi wa alama za vidole, mtihani wa sheria za uuguzi za Texas, na mtihani wa kitaifa wa NCLEX-RN. Mtihani huu hufanywa kwa kompyuta, una maswali kati ya 85 na 150, na muda wake hauzidi saa 5. Tangu Aprili 2023 umeongezewa visa vya wagonjwa vinavyopima uwezo wa kuamua, si kukumbuka tu. Muuguzi aliyezoea kusubiri agizo la daktari hupata ugumu hapa, kwa kuwa maswali humuuliza yeye angefanya nini kwanza.

Leseni na ruhusa ya kuishi na kufanya kazi Marekani ni vitu viwili tofauti. Mwenye viza ya matembezi anaweza kufanya mtihani lakini hawezi kuajiriwa. Wauguzi wa RN wamo katika orodha ya taaluma ambazo mwajiri haombi kwanza uthibitisho wa soko la ajira anapomwombea mfanyakazi ukaazi wa kudumu, ila watahitaji cheti cha VisaScreen, ambacho kwa waliosomea Afrika Mashariki huhitaji pia kufaulu mtihani wa Kiingereza. Wasaidizi wa wauguzi na wahudumu wa nyumbani hawamo katika orodha hiyo. Anayeahidiwa kupelekwa Texas kwa njia hiyo kama mhudumu wa nyumbani, tena kwa kulipa ada kubwa mapema, ana kila sababu ya kutilia shaka ahadi hiyo.

Miaka minne

Kanuni za Texas hutaka muuguzi aliyesomea nje aonyeshe kwamba amefanya kazi ya uuguzi ndani ya miaka 4 iliyotangulia ombi lake. Akipitisha muda huo, hulazimika kuhudhuria kwanza mafunzo ya kurejea kazini. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Muuguzi hufika, huanza kazi ya kuhudumia wazee, huongeza zamu za usiku ili kutuma fedha nyumbani, na kila mwaka hujiambia kuwa mwakani ataanza kushughulikia leseni. Saa zote alizofanya kama mhudumu wa nyumbani, hata zikiwa maelfu, hazimsaidii kutimiza sharti hilo. Mwaka wa tano ukifika, safari imekuwa ndefu na ya gharama zaidi.

Ushauri unaofaa ni kuanza tathmini ya elimu mara tu mtu anapopata kibali cha kukaa na kufanya kazi, au hata kabla ya kuondoka kwao, na kutenga sehemu ya mshahara wa kwanza kwa ajili hiyo. Kazi ya nyumbani imsaidie kufika kwenye leseni, isichukue nafasi yake.

Kutafuta kazi na kusoma mkataba

Serikali ya Texas ina ofisi za ajira zinazoendeshwa na bodi 28 za maeneo, pamoja na tovuti ya WorkInTexas. Huduma zake kwa mtafuta kazi ni bure. Mashirika ya huduma za nyumbani hupewa leseni na Tume ya Afya na Huduma za Jamii ya Texas, na mtu yeyote anaweza kuangalia kama shirika lina leseni hai. Ipo pia njia ambayo mgonjwa wa Medicaid au familia yake huwa ndiye mwajiri, huku wakala akishughulikia malipo na kodi.

Kabla ya kutia saini, mambo matano yaulizwe. Je, mshahara ni wa saa au wa ziara? Je, muda na mafuta ya kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine vinalipwa? Texas ina kaunti 254, na nyumba za wagonjwa zaweza kuachana kwa mwendo wa saa nzima. Kima cha chini cha mshahara jimboni ni kile cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa tangu 2009, hivyo anayekubali lolote huenda akapewa kidogo mno. Je, bima ya gari ni ya nani? Je, ni muuguzi yupi wa kupigiwa simu usiku? Na je, mkataba una faini ya kuondoka mapema, na ni kiasi gani? Mkataba usioeleweka usomwe na mwanasheria au na mtu asiye na faida katika ajira hiyo.

Mpaka wa kazi nyumbani kwa mgonjwa

Chukulia mama wa miaka 78 mwenye kisukari, anayehudumiwa jioni na mhudumu ambaye kwao alikuwa muuguzi. Binti yake amechelewa kazini na anapiga simu: "Dada, wewe si nesi? Mchome tu mama insulini yake." Mhudumu anajua kuchoma sindano kuliko hata huyo binti. Lakini mama hakula chakula cha jioni, na kipimo cha dozi kilibadilishwa juzi kliniki. Dozi ile ile ya zamani, tumbo likiwa tupu, yaweza kuishusha sukari usiku hadi mgonjwa akapoteza fahamu.

Sheria ya Texas inaruhusu muuguzi wa RN kumkabidhi asiye na leseni baadhi ya kazi, iwapo hali ya mgonjwa ni tulivu, naye muuguzi amempima mgonjwa, amemfundisha mhudumu na anaendelea kusimamia. Bila makabidhiano hayo, jibu sahihi ni kumpigia muuguzi wa zamu wa shirika, kueleza kuwa mgonjwa hajala, na kuandika saa na maelekezo aliyopewa. Mgonjwa akitoka jasho, akitetemeka au kuchanganyikiwa, na kipimo kikiwa chini ya 70 mg/dL, yaani takriban 3.9 mmol/L, apewe kinywaji chenye sukari ikiwa anaweza kumeza. Asiyeweza kumeza au aliyezimia asipewe kitu mdomoni. Ipigwe simu 911 mara moja.

Kukataa kwa namna hii si kiburi wala woga. Kunamlinda mgonjwa, na kunalinda leseni ambayo mhudumu huyo bado anaitafuta, kwa maana Bodi huangalia mwenendo wa mwombaji.

Kwa mgonjwa na familia

Mgonjwa ana haki ya kumuuliza kila anayeingia nyumbani kwake jina, ngazi ya kazi na msimamizi wake. Leseni ya muuguzi huweza kuthibitishwa katika tovuti ya Bodi. Huduma ya Medicare nyumbani huagizwa na daktari au mtaalamu mwingine aliyeruhusiwa. Tathmini ya kwanza hufanyika ndani ya saa 48 tangu rufaa au mgonjwa kurudi nyumbani, isipokuwa daktari amepanga siku nyingine. Mpango wa huduma hupitiwa angalau kila siku 60. Mgonjwa anayepata huduma ya uuguzi akiwa pia na msaidizi, ziara ya usimamizi hufanyika angalau kila siku 14. Asipoona msimamizi kwa mwezi mzima, aulize shirika.

Hitimisho

Texas ina nafasi za kazi kwa kila ngazi, na hakuna ngazi ya kudharauliwa. Muuguzi anayehamia huko atangulize kumbukumbu za chuo chake, aanze ombi la leseni kabla miaka 4 haijampita, na wakati anaposubiri afanye tu kazi iliyoandikwa katika mpango wa huduma. Familia nayo isimwombe mhudumu zaidi ya hapo, hata ikijua kuwa kwao alikuwa muuguzi hodari.