Kimya Si Kuelewa

Ndugu wafanyakazi, shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa zote Januari 2022. Ndipo wengi wetu tulipoyajua masomo ya intaneti.

Kasoro yake ni kwamba mwalimu haoni nyuso. Aliyeelewa na aliyepotea wote kimya. Dawa ni kura: mwalimu atoe swali lenye majibu manne, kila mwanafunzi abonyeze lake bila kutajwa jina, hesabu ionekane papo hapo. Nusu wakikosa, somo lirudiwe.

Lakini mwaka 2021 Serikali iliweka kodi ya asilimia 12 juu ya bando. Mtoto wa kibarua wa Mbarara, au wa mkimbizi wa Nakivale, akikosa bando hahesabiwi. Tunadai maswali yaje pia kwa ujumbe mfupi usiolipiwa.