Sensa ya Presha ya Chujio la Masizi

Chujio la masizi hufungwa kwenye bomba la ekzosi la gari la dizeli ili kunasa moshi mweusi. Oktoba 2003 jiji la Tokyo lilipiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yaliyozidisha masizi, na magari mengi ya dizeli yaliyotumika Japani sasa huja Pemba yakiwa na chujio hilo.

Sensa yake kwa kawaida ina mipira miwili, mmoja kutoka upande wa injini, mwingine upande wa kutokea moshi. Tofauti ya presha ikikua, kompyuta huongeza dizeli ili chujio lifike nyuzi 600 hivi na masizi yaungue. Sensa ikidanganya, masizi huunguzwa ovyo hadi dizeli ikachanganyika na oili, au hayaunguzwi kabisa na gari likakosa nguvu.

Taa ya injini ikiwaka, namba ya hitilafu isomwe kwanza. P2452 hadi P2455 zinahusu sensa na waya zake. P2463 inasema masizi yamejaa, na mara nyingi ni kweli. Kati ya Mkoani, Chake Chake na Wete safari ni fupi, zenye vilima na vituo vingi, hivyo chujio halipati joto la kutosha.

Swichi ikiwashwa bila kupiga starti, kipimo cha tofauti ya presha kiwe karibu na sifuri. Hapo sensa nyingi za volti 5 hutoa kati ya volti 0.5 na 1. Kikiwa juu, mipira ichomolewe. Kikishuka, kuna mpira ulioziba. Kikibaki, sensa au waya ndiyo mbovu. Injini ikiwaka, kipimo kipande na kushuka pamoja na mafuta yanayokanyagwa. Kikienda chini ya sifuri, mipira imegeuzwa. Kisiposogea, mpira umepasuka au umeziba. Mpira upulizwe ukiwa umetolewa, kwani upepo wa kompresa huua sensa. Soketi nayo ikaguliwe: hewa ya bahari huzaa kutu ya kijani kwenye pini, na sensa nzima hutupwa bure kwa sababu hiyo.

Kulitoboa chujio ili moshi upite bila kuchujwa ni kosa kubwa kuliko yote. Moshi wa dizeli uliwekwa na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2012, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.