Kidonge cha usingizi cha jana usiku, leo bado kimo mwilini

Swali hili hutufikia mara kwa mara: bibi hapati usingizi, jirani ametupa vidonge vya Valium, tumpe nusu au kizima? Leo tunalijibu kwa maandishi, ili aliye Kayanga na aliye Murongo alisome kwa utulivu.

Valium ni jina la biashara. Dawa yenyewe ni diazepam, iliyo sokoni kwa jina hilo tangu 1963. Hospitalini ina kazi kubwa: hutuliza degedege na mikakamao ya pepopunda. Ni dawa ya cheti cha daktari.

Shida ni kwamba haitoki haraka. Nusu yake huondoka mwilini baada ya siku moja hadi mbili, na ini likiivunja hubaki kemikali nyingine inayofanya kazi ileile na kukaa muda mrefu zaidi. Ya Jumatatu haijaisha, ya Jumanne imeingia. Kwa mzee mrundikano huwa mkubwa zaidi, kwa hiyo bibi anaamka anayumba, anasahau, anaanguka njiani kwenda chooni na kuvunjika nyonga. Tunasema ni uzee! Na wewe wa bodaboda barabara ya Omurushaka–Murongo, ukimeza saa tatu usiku, asubuhi unaendesha ukiwa nayo, hata ukijiona mzima.

Kubwa kuliko yote ni pombe. Iwe rubisi, gongo au bia, ikikutana na diazepam mtu anaweza kulala akashindwa kupumua. Tramadol ni vivyo hivyo. Ukimkuta haamshiki, usimpe kahawa ya kutafuna wala maziwa, yatampalia. Mlaze ubavu, mwahishe kituo cha afya, na mwende na pakiti ya dawa.

Aliyezitumia wiki kadhaa asiache ghafla baada ya kutusoma. Mwili uliozoea hutetemeka, hukosa usingizi, hata hupata degedege. Kwa kuwa dawa hutoka polepole, dalili huweza kuja siku kadhaa baadaye, mtu akadhani amerogwa. Daktari ndiye anayepunguza dozi, kidogo kidogo.

Na bibi? Mpelekeni kituo cha afya aulizwe kinachomwamsha: maumivu ya magoti, mkojo wa usiku, au huzuni. Vidonge vya jirani mrudishieni.