Kihisi cha oksijeni: kutoka maduka ya Guangzhou hadi ua wa nyumba Afrika Mashariki

Mji wa Guangzhou, ambao ni mji mkuu wa mkoa wa Guangdong kusini mwa China, unafahamika sana na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki kutokana na nguo, simu na samani. Hata hivyo, mji huo pia ni kituo kikubwa cha magari na vipuri vyake. Kampuni ya ubia ya kutengeneza magari ya Honda ilianzishwa mjini humo mwaka 1998, na ile ya Toyota ilianzishwa katika wilaya ya Nansha mwaka 2004. Katika barabara ya Yongfu, wilaya ya Yuexiu, maduka ya vifaa vya magari yamepangana bega kwa bega, na Maonesho ya Biashara ya Guangzhou, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika mara mbili kila mwaka, katika majira ya mchipuko na ya mpukutiko. Vipuri vinavyonunuliwa huko huuzwa baadaye katika barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, Kariakoo mjini Dar es Salaam, na Kisekka mjini Kampala.

Miongoni mwa vipuri hivyo kuna kimoja kidogo kinachoenea kiganjani, lakini kikiharibika huifanya familia itumie fedha nyingi zaidi kununua petroli. Hicho ni kihisi cha oksijeni, ambacho mafundi wengi wanakiita sensa. Kwa kuwa magari mengi ya familia katika Afrika Mashariki hununuliwa yakiwa yametumika nchini Japani, nayo Kenya inaruhusu kuingizwa magari yasiyozidi umri wa miaka minane, mara nyingi kihisi huwa kimekwishafanya kazi kwa muda mrefu kabla gari halijateremshwa bandarini.

Kihisi hicho hufungwa kwenye bomba la moshi, na kazi yake ni kupima oksijeni iliyobaki baada ya petroli kuungua. Ili petroli iungue vizuri, kilo 1 ya petroli inahitaji kilo 14.7 za hewa. Ndani ya kihisi cha kawaida kuna kauri ya zirkonia, ambayo ikifikia joto la nyuzi 300 hivi huzalisha umeme kidogo: karibu volti 0.9 petroli inapozidi, na karibu volti 0.1 hewa inapozidi. Kompyuta ya gari husoma umeme huo, kisha huongeza au hupunguza petroli inayopita kwenye nozeli. Kihisi cha aina hiyo kilitengenezwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani, na kilianza kutumiwa kwenye magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani mwaka 1976.

Kihisi kikichoka, kompyuta hukosa habari sahihi. Matokeo yake ni kwamba gari hunywa petroli kupita kiasi, moshi hutoa harufu kali, injini hutetema, na taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Mwenye gari akiendelea kupuuza, petroli isiyoungua huharibu kifaa cha kusafisha moshi, ambacho baadhi ya mafundi wanakiita masega, na bei ya kifaa hicho ni kubwa mara nyingi kuliko ya kihisi. Adui mwingine wa kihisi ni madini ya risasi. China iliacha kuuza petroli yenye risasi mwaka 2000, na nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiaga kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Siku hizi vihisi huharibiwa zaidi na oili inayoungua ndani ya injini, gundi za silikoni zisizofaa, na uzee wenyewe.

Lakini wahenga walisema mjumbe hauawi. Taa ya injini ikiwaka, si lazima kihisi kiwe ndicho mkosaji. Jambo la kwanza ni kusoma namba ya hitilafu kwa mashine ndogo inayochomekwa chini ya usukani. Namba P0135, kwa mfano, inaonesha kasoro katika umeme wa kukipasha joto kihisi cha mbele, na hapo ni vizuri kukagua pia fyuzi na nyaya. Namba P0171 inamaanisha kuwa hewa imezidi petroli, jambo ambalo linaweza kusababishwa na mpira wa hewa uliopasuka au pampu ya petroli iliyodhoofika. Katika hali hiyo, anayebadilisha kihisi bila uchunguzi hutupa fedha zake bure.

Baada ya kuhakikisha, kazi inayofuata ni kupata kihisi kinachofaa, na hapa ndipo wengi hukosea. Magari mengi ya Toyota hutumia mbele ya masega kihisi cha uwiano wa hewa na petroli, na nyuma yake kihisi cha kawaida cha oksijeni. Kwa macho vinafanana kama pacha, lakini utendaji wao ni tofauti, na kimoja hakiwezi kushika nafasi ya kingine. Namba za Toyota za kihisi cha uwiano huanza na 89467, na za kihisi cha oksijeni huanza na 89465. Kwa hiyo, anayemwagiza ndugu yake aliyeko Guangzhou hapaswi kumtajia jina la gari peke yake, bali ampe namba kamili iliyoandikwa kwenye kihisi cha zamani, pamoja na picha ya soketi yake.

Katika maduka ya Guangzhou, maneno matatu ya Kichina yanamsaidia mnunuzi. Yuanchang ni kipuri cha kiwanda cha asili, fuchang ni kipuri cha kiwanda kingine, na chaiche ni kipuri kilichotolewa kwenye gari lililobomolewa. Kuna fuchang nzuri na mbaya. Hatari kubwa ni bidhaa ya bandia iliyotiwa ndani ya boksi lenye jina maarufu. Mnunuzi anashauriwa kutazama namba iliyochongwa kwenye chuma badala ya ile ya kwenye boksi, kuangalia kama ncha ya kihisi haina alama za kuungua, na kupima nyaya za kipasha joto kwa mita ya umeme. Mita ikionesha kuwa umeme haupiti kabisa, kihisi hicho ni kibovu hata kama boksi linang'aa.

Kazi ya kukibadilisha inaweza kufanyika nyumbani. Gari liegeshwe mahali tambarare na penye hewa, injini izimwe mpaka bomba la moshi lipoe, na waya wa hasi wa betri ufunguliwe. Ikibidi kuingia chini ya gari, magurudumu yazuiwe na gari likalishwe juu ya stendi imara. Jeki peke yake imekwishaua watu wengi. Baada ya kuchomoa soketi, kihisi hupuliziwa mafuta ya kulegeza kutu na kusubiriwa, kisha hufunguliwa kwa spana, ambayo kwa kawaida ni namba 22. Kikigoma, bomba lipashwe moto kidogo, na fundi avae glavu nene, kwani kulazimisha hukata meno ya bomba.

Kihisi kipya kisiangushwe, na ncha yake isiguswe wala kupakwa mafuta. Grisi maalumu ya kustahimili joto hupakwa kwenye meno tu, ikiwa kiwanda hakikuipaka. Kianze kufungwa kwa mkono, kisha kikazwe kwa spana bila kutumia nguvu kupita kiasi. Waya usiguse bomba la moshi, na kukata soketi ili kuunganisha waya mwingine kuepukwe, kwa kuwa vihisi vingi huvuta hewa safi kupitia nyaya hizo. Mwisho, betri irudishwe, namba ya hitilafu ifutwe, na injini iwashwe nje, wala si ndani ya banda lililofungwa, kwani gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu na huua haraka.

Taa isipowaka tena baada ya siku kadhaa za kuendesha, na petroli ya wiki ikirudi katika kiwango chake cha zamani, kazi imefaulu. Taa ikirudi na namba ileile, kinachopaswa kuchunguzwa ni nyaya na fyuzi, kabla ya kuagiza kihisi cha pili kutoka Guangzhou.