Boma Letu Ndilo Kalenda

Nilimuuliza nyanya yangu baba alizaliwa mwaka gani. Hakutaja mwaka. Alichukua mkongojo wake, tukateremka hadi gunda, yaani boma la zamani la baba mkwe wake, ambalo leo ni shamba la mahindi. "Nyakwara, mjukuu wangu, babako nilimzaa hapa," akasema, akigonga ardhi ilipokuwa simba ya babu, yaani nyumba yake ya ujana. "Shemeji yangu alikuwa bado hajajenga upande ule wa lango." Lango lenyewe liling'olewa zamani, ila tulipotoka alinipitisha palepale lilipokuwa.

Mimi ni mwalimu hapa Uriri, nimezoea kuandika tarehe ubaoni. Tangu siku hiyo nimetafakari sana jinsi akili ya binadamu inavyoupa wakati mahali pa kukaa. Wakati haushikiki wala hauonekani, basi tunauazimia ardhi, njia na pande za mwili wetu.

Boma la Kijaluo lina mpangilio wake. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, hutazama lango. Nyachira, mke wa pili, hujengewa upande mmoja, na reru, wa tatu, upande mwingine. Simba za wavulana huwa karibu na lango: kifungua mimba upande huu, anayemfuata upande ule. Mdogo hamtangulii mkubwa kujenga, wala kuhama kwenda kuanzisha boma lake, jambo tunaloliita golo dala. Kwa hiyo mgeni anayejua mila akisimama langoni husoma nani aliolewa kwanza na nani alizaliwa baada ya nani.

Lugha nazo huupa wakati mahali. Kwa Kijaluo, chieng' ni jua na pia ni siku. Bang' ni nyuma ya mtu njiani, na pia ni baada ya tukio. Katika Kiswahili, tazama ile -po-. "Alipo" hutaja mahali, lakini "alipofika" hutaja wakati. Tunasema mwaka ujao, kana kwamba unatujia kama matatu inayotoka Rongo. Kisha tunasema tunaelekea Desemba, na hapo wasafiri ni sisi.

Kwingineko ramani ni nyingine. Mwaka 2006, Rafael Núñez na Eve Sweetser walieleza kwamba Waaymara wa milima ya Andes huweka yaliyopita mbele ya macho, kwa kuwa yamekwisha kuonekana, na yajayo mgongoni. Huko Pormpuraaw, Australia, Lera Boroditsky na Alice Gaby waliwapa wenyeji picha za kupanga kwa mfuatano. Wengi walizipanga kutoka mashariki kwenda magharibi, kama jua linavyosafiri, hata walipogeuzwa kukaa upande mwingine. Wanafunzi wangu, nikiwapa picha za mche wa muwa, muwa uliokomaa na trekta iliyobeba miwa, huzipanga kushoto kwenda kulia, kama mistari ya daftari. Barbara Tversky na wenzake walionyesha mwaka 1991 kwamba wanaosoma Kiarabu huelekea kupanga kulia kwenda kushoto. Mkono unaoandika huifundisha akili.

Mwanazuoni wetu John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno Sasa na Zamani kueleza kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati hurudi nyuma, na wakati ujao karibu haupo. Namheshimu, lakini hapo sikubaliani naye. Mkulima wa hapa hupanda muwa akijua atausubiri mwaka mmoja na nusu au zaidi. Na mtoto wa kiume anayenyonya bado, mahali pa simba yake panajulikana. Kwetu wakati ujao una kiwanja chake, umeachiwa nafasi karibu na lango.

Leo watoto wengi wanakulia katika vyumba vya kupanga kando ya barabara ya Kisii kwenda Migori, ambako mlango hauelezi nani alitangulia. Mashamba yanagawanywa, gunda zinalimwa. Msomaji, ukienda nyumbani likizo hii, usimuulize mzee wako tarehe peke yake. Mwombe mtembee pamoja bomani, akuonyeshe nyumba ipi ilisimama wapi na nani alifuata. Chora ramani hiyo huku yeye mwenyewe akikuelekeza.