Namna ya Kupigwa Picha

Kaskazini ya Chemba, katika vilima vya Kolo wilayani Kondoa, yako majabali yenye sanamu za watu zilizochorwa kwa rangi nyekundu. Wachoraji wake walikufa zamani sana, wala majina yao hayajulikani. Lakini sanamu zao zingaliko, na mwaka 2006 ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Tangu kale mwanadamu amependa sura ya watu wake ibaki. Siku hizi hapana haja ya rangi wala ya jabali. Katika Chemba, iliyotengwa na Kondoa ikawa wilaya mwaka 2012, mtu hutoa simu mfukoni, akabonyeza, na picha imekwisha. Lakini picha ya upesi siyo picha njema sikuzote.

Fikiri habari ya bibi kizee mmoja aliyefariki. Jamaa zake wanatafuta picha yake ya kuweka nyumbani, nao wanapata moja tu, aliyopigwa siku ya arusi ya mjukuu wake. Siku ile alisimama mlangoni, na jua kali lilikuwa nyuma yake. Kitenge chake chaonekana, mlango waonekana, hata kuku aliyepita uani aonekana. Lakini uso wa bibi ni mweusi kama chungu cha jikoni. Vitukuu vyake havitajua kamwe alikuwa na macho ya namna gani. Yeye hakuwa na kosa lo lote. Aliyempiga picha hakujua mambo machache ambayo kila mtoto wa shule aweza kujifunza.

Jambo la kwanza ni nuru. Kamera ni kisanduku chenye tundu, nayo hupokea nuru itokayo katika kitu kilicho mbele yake. Mtu akisimama mahali penye mwangaza mkali nyuma yake, kamera hupunguza nuru yote ili ule mwangaza usizidi, na uso ambao una nuru kidogo hupotea gizani. Kwa hiyo yafaa uso uelekee kwenye nuru, siyo mgongo.

Hata hivyo nuru ikizidi huharibu pia. Chemba iko karibu nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, na saa sita mchana jua huwa karibu na utosi. Hapo paji la uso hung'aa, na macho huingia katika kivuli kama mashimo mawili. Na mtu hukunja uso kwa ukali wa jua. Basi saa njema ni asubuhi, kabla jua halijapanda, au jioni likianza kushuka. Ikiwa lazima picha ipigwe mchana, simama chini ya mbuyu au baraza, karibu na ukingo wa kivuli, uso ukielekea nje kwenye mwangaza. Hapo nuru huja pole pole, nayo huenea uso mzima.

Watu wenye ngozi nyeusi wana sababu ya kuangalia jambo hili zaidi. Filamu za rangi zilipoenea Marekani, mafundi walizipima kwa picha ya mwanamke mweupe, iliyoitwa kadi ya Shirley. Rangi ikipendeza katika ngozi yake, walisema imekuwa sawa. Basi watu weusi walitoka katika picha nyingi wakiwa giza tupu, meno na macho tu yakionekana; na wengine walidhani ubaya uko katika nyuso zao. Haukuwako huko, ulikuwa katika kipimo. Baadaye zilitengenezwa kadi zenye watu wa rangi mbalimbali. Ngozi nyeusi ikipata nuru ya kutosha hung'aa vizuri sana, wala haihitaji kupakwa cho chote.

Jambo la pili ni utulivu. Ukitazama picha za kale utaona watu wamekakamaa, wala hawacheki. Si kwamba hawakuwa na furaha. Mwaka 1839, Daguerre alipotangaza ufundi wake katika Ufaransa, kamera ilihitaji dakika kadha ili kushika sura. Aliyetikisika alitoka kama ukungu. Ndiyo maana wapiga picha wengine waliweka chuma nyuma ya kichwa cha mtu ili kumtuliza. Siku hizi kamera hushika sura kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na ile sababu ya kukakamaa imekwisha. Lakini wengi husimama bado kama askari gwarideni.

Wapiga picha wenye ujuzi walijua namna ya kumlegeza mtu. Katika Unguja, duka la Gomes lilipiga picha tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua lake, liitwalo Capital Art Studio. Mtu aliyeingia katika duka la picha hakupigwa mara moja. Alipewa kiti, akaonyeshwa pa kuweka mkono, akageuzwa kidogo kuelekea taa, ndipo akapigwa.

Wewe nawe waweza kufanya hivyo. Usiukabili mwili wote mbele kama ubao. Geuza mabega kidogo upande mmoja, kisha rudisha uso kwenye kamera. Uzito wa mwili uweke juu ya mguu wa nyuma. Shusha mabega, kwa maana mwenye hofu huyapandisha hata shingo ikapotea. Usiinue kidevu sana, usije ukaonekana mwenye kiburi. Wala usikiinamishe hata uonekane umekaripiwa. Mikono ipe kazi: ishike kitabu, au ukingo wa kiti, au mmoja ushike mwingine. Mwisho, vuta pumzi, uitoe pole pole, na umkumbuke mtu umpendaye. Kicheko cha kulazimishwa hukaa midomoni tu. Kile cha kweli hufika machoni.

Mpiga picha naye ana wajibu wake. Kwanza afute kioo cha kamera kwa kitambaa laini na safi, kwa kuwa wakati wa kiangazi vumbi jekundu la nchi hii huingia kila mahali. Asimsogelee mtu sana, maana kamera ya simu ikikaribia mno huikuza pua kupita kiasi. Arudi nyuma hatua mbili au tatu. Aiweke kamera sawa na macho ya yule anayepigwa. Akimpiga mtoto, apige goti. Akimpiga mzee aliyeketi, naye ainame. Tena asimpige mtu ye yote, hasa mzee, kabla ya kumwamkia na kumwomba ruhusa.

Watu wakiwa wengi, wazee huketi katikati, watoto mbele yao chini, na warefu husimama nyuma. Kila mmoja na ajiulize, “Je, nakiona kioo cha kamera?” Ikiwa hakioni, nacho hakimwoni.

Picha ya pasipoti ina sheria zake. Huko hapana kugeuza mabega wala kucheka. Mtu huvua kofia yake, isipokuwa kile kivazi cha kichwa avaacho kwa ajili ya dini, hutazama mbele moja kwa moja, na nyuma yake huwa rangi moja tu. Kazi yake ni kumtambulisha mtu, siyo kumpendeza.

Siku hizi simu nyingi zina ufundi wa kung'arisha ngozi, kupunguza pua na kukuza macho. Kijana hufurahi siku moja, kisha hujitazama katika kioo akajichukia bure, kwa kuwa amejilinganisha na mtu asiyekuwako. Wahenga walisema, “Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.” Kunawa uso, kuchana nywele na kuvaa nguo safi si uongo, ni heshima. Lakini kubadili sura ni kumnyima kweli yule atakayeitazama picha baadaye.

Kwa maana picha haipigwi kwa ajili ya leo tu. Iko siku ambapo mtu aliye mbali, au mtoto asiyezaliwa bado, ataishika mkononi na kuuliza, “Huyu ni nani?” Picha njema ni ile itakayomjibu. Yule bibi wa mlangoni angaligeuzwa hatua moja tu kuelekea nje, vitukuu vyake wangalimjua.

Maswali

1. Kwa nini uso wa bibi ulikuwa mweusi katika picha?
2. Ni saa gani zifaazo kupiga picha katika nchi ya Chemba, na kwa sababu gani?
3. Kwa nini watu wa zamani hawakucheka walipopigwa picha?
4. Nyumbani kwenu yuko mzee asiye na picha njema? Eleza utakavyompiga, na mahali utakapomketisha.