Doe Maar: Rege kwa Lugha ya Nyumbani

Mjadala kuhusu lugha ya muziki haupo kwetu pekee. Nchini Uholanzi, katika miaka ya 1970, bendi nyingi za vijana ziliimba kwa Kiingereza zikiamini kuwa ndiyo lugha ya soko. Doe Maar, bendi iliyoundwa mwaka wa 1978, ilikwenda kinyume: ilichukua mahadhi ya rege na ska yaliyochipuka Jamaika, ikayatungia maneno ya Kiholanzi cha kila siku. Henny Vrienten alijiunga na mwasisi Ernst Jansz mwaka wa 1980, na albamu ya Skunk (1981) ikawafungulia milango. Wimbo wa De Bom (1982) ulibeba hofu ya vijana kuhusu silaha za nyuklia, nao ukaeleweka bila mkalimani. Hata hivyo, umaarufu ukawa mzigo. Mayowe ya mashabiki yaliumeza muziki wenyewe, na mwaka wa 1984 bendi ikavunjika. Ilirejea jukwaani mwaka wa 2000. Vrienten aliaga dunia mwaka wa 2022. Kwa mwanafunzi wa lugha, funzo ni bayana: mahadhi yaweza kukopwa pasipo lugha kuwekwa rehani.